Nani analipa utafiti juu ya afya ya Likasi?

Mama mwenye anakaa karibu na usine za Shituru, mu Likasi, hana lazima ya munganga ili ajue kama vumbi iko. Anafagia asubuhi, na mangaribi iko tena pale pale: juu ya meza, mu sahani, mu nguo zenye zimeanikwa inje. Ulizo lake ni lingine. Ile vumbi inafanya nini ndani ya mwili wa mutoto wake?

Kujibu lile ulizo kwa hakika si kazi ya siku moja. Inaomba watu waende nyumba kwa nyumba, wapate ruhusa ya wazazi, wakusanye mukojo na damu, wapeleke mu laboratware yenye iko na mashini ya kupima madini hata kama ni kidogo sana, halafu warudie kwa watoto wale wale mwaka nyuma ya mwaka. Kila hatua iko na bei yake. Na kwa sehemu kubwa, franga za kazi ya namna ile hazitoki Kinshasa. Zinatoka ku serikali za inchi za mbali, kupitia mashindano yenye watu wachache sana wa huku wanajua ginsi yanaendeshwa. Ni vizuri wakaaji wayajue, juu mwenye kulipa njo anachagua ulizo gani litaulizwa.

Kile chenye kimekwisha kujulikana

Mu mwaka 2009, watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, mu Ubelgiji, kati yao Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walitangaza matokeo yenye yalishangaza wengi. Walipima mukojo wa watu 351, wakubwa na watoto, kusini mwa Katanga. Kati ya watu wenye walikuwa wanakaa chini ya kilometre 3 na mugodi ao usine ya kuyeyusha madini, 53% walikuwa na kobalti yenye kupita kipimo chenye kinatumikishwa kwa wafanyakazi wa usine. Kwa watoto, ilikuwa 87%.

Tusimame hapa kidogo. Kile kipimo kiliwekwa juu ya mutu mukubwa, mwenye kufanya kazi saa zake na kurudi nyumbani kupumuzika. Mutoto wa kartie harudi fasi ingine. Analala mule, anacheza mule, anakula mule. Watafiti wale waliandika kwamba kobalti ya namna ile ilikuwa haijaonekana bado fasi ingine yoyote kwa watu wa kawaida, wale wasiofanya kazi mu usine.

Mu 2014 utafiti mwingine ulitafuta njia yenye ile kobalti inapitia. Kwa wakubwa, ilionekana inaingia zaidi sana kupitia chakula, na mboga zenye zinalimwa mu udongo wenye vumbi ya madini ziko na sehemu kubwa. Kwa watoto, vumbi yenyewe yenye wanameza, mikono mu kinywa, njo inaleta mingi. Mu 2018 ikafika zamu ya Kasulo, ile kartie ya Kolwezi yenye watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Na mu 2020 gazeti la wanganga The Lancet Planetary Health lilitoa utafiti wa Lubumbashi: watoto 138 wenye walizaliwa na kilema chenye kuonekana walilinganishwa na watoto 108 wenye walizaliwa wazima, kati ya 2013 na 2015. Ilionekana kwamba baba mwenye kufanya kazi yenye kuhusu migodi alikuwa na hatari zaidi, karibu mara 5 na nusu, ya kupata mutoto mwenye kilema. Hesabu ya watu ilikuwa ndogo, kwa hiyo ile "mara 5 na nusu" haikazwe sana. Inaweza kuwa chini, inaweza kuwa juu. Lakini haikutoka mu hewa.

Watu wakisikia hayo wanauliza: sasa kama walishajua, mbona kitu hakibadiliki? Jibu moja ni la siasa, kila mutu analijua. Jibu lingine ni la franga, na linasemwa kidogo. Utafiti wa kupima mukojo mara moja ni kama picha: unaonyesha kwamba madini imeingia. Hauonyeshi kama figo za mutoto yule zitaharibika akifika miaka 20, ao kama kuosha lenga-lenga mara tatu kunasaidia, ao kama kumwaga maji mu uwanja mbele ya kufagia kunapunguza kitu. Kwa kujua hayo inaomba kufuata watu miaka 5, miaka 10. Ile picha inaweza kulipwa na franga kidogo. Kufuata watu miaka yote ile kunaomba mulipaji mukubwa mwenye hatachoka katikati ya njia.

Mulipaji mukubwa kupita wote

Mulipaji mukubwa kupita wote duniani mu utafiti wa afya ni serikali ya Marekani, kupitia NIH, ni kusema taasisi za taifa za afya. Ziko 27, kila moja na kazi yake: moja ya kansa, moja ya magonjwa ya kuambukizana, moja ya akili, moja ya mazingira, na zingine. Makao yao ni Bethesda, karibu na Washington. Budjeti yao imekuwa karibu miliari 47 za dola kwa mwaka, na sehemu kubwa inabaki Marekani kwenyewe.

Wasikilizaji wengi wanachanganya NIH na USAID. Si kitu kimoja. USAID, yenye ilifungwa mu 2025, ilikuwa inaleta musaada: dawa, mosikitere, chakula. NIH haigawe musaada. Inanunua majibu. Mutu anakuja na ulizo, anaonyesha ginsi atalijibu, na kama ulizo linastahili, analipwa ili afanye ile kazi. Asipokuwa na ulizo zuri harudi na kitu, hata kama ugonjwa wa kwao unaua watu mingi.

Njia iko namna hii. Mara zingine taasisi yenyewe inatangaza: tunatafuta watu wa kuchunguza jambo fulani. Mara zingine mulango unabaki wazi kwa ulizo lolote, na dosie zinapokelewa mara tatu kwa mwaka. Namna yenye kujulikana zaidi inaitwa R01: inaweza kufika miaka 5, na kwa dosie ya budjeti nyepesi inafika dola 250.000 kwa mwaka za kazi yenyewe. Kuna ndogo yake, R21, yenye haipiti dola 275.000 kwa miaka 2, juu ya kujaribu wazo jipya. Dosie inaandikwa mu Kingereza. Halafu watafiti wengine, wenye hawana faida ndani yake, wanaisoma na kuipa alama, kutoka 1 mpaka 9. Huko 1 njo alama nzuri kupita zote. Mwanafunzi wa kwetu mwenye alizoea kutafuta 18 kwa 20 angelia. Kwa miaka mingi, dosie moja kwa tano njo ilikuwa inapita.

Kitu kimoja kinafaa kisemwe wazi, juu kuna watu wanapoteza franga: NIH inapatia makao ya utafiti, iniversite, lopitali, taasisi. Haitumie ujumbe mu telefone ya mutu kumwambia "umeshinda". Kujiandikisha ku mitandao ya serikali ya Marekani, ile ya SAM na ile ya Grants.gov, ni bure kabisa. Mwenye kuomba dola 50 "ya kufungua dosie" ni mwizi.

Mambo yenye zile franga zilifanya mu Congo

Watu wa Beni na Butembo wanajua jina PALM, ao tuseme wanajua maneno yenye yalilizaa: Pamoja Tulinde Maisha. Ulikuwa utafiti wa dawa za Ebola, wenye uliongozwa na INRB ya profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na taasisi moja ya NIH, ile ya magonjwa ya kuambukizana. Ulianza Beni mu Novemba 2018, ukaenea Butembo, Katwa na Mangina, katikati ya vita na watu wenye kukataa wanganga. Wagonjwa 681 waliingia. Mu Agosti 2019 ulisimamishwa mbele ya wakati, juu dawa mbili zilionekana wazi zinapita zingine: wagonjwa wenye walipata moja kati ya zile mbili, karibu 34 mpaka 35 kwa mia walikufa, wakati kwa zile zingine mbili ilikuwa karibu nusu. Moja ya dawa zile mbili, mAb114, ilitengenezwa kutokana na damu ya mutu mwenye alipona Ebola ya Kikwit mu 1995. Damu ya Mukongomani, ulizo la Mukongomani, franga za Marekani. Wakaaji wa Maniema nao waliona kitu cha namna ile: mu Tunda, na mu Kole ya Sankuru, watu 597 waliingia mu utafiti wa dawa ya mpox, tecovirimat. Matokeo yakatoka mu 2024: dawa haikuponyesha vidonda mbio zaidi, lakini wagonjwa wote wenye walitunzwa vizuri mu lopitali, wenye dawa na wasio nayo, walikufa kidogo sana, 1,7%. Hata jibu la "hapana" linafaa kitu. Linazuia serikali kununua dawa yenye haisaidii.

Hayo ni mambo ya dawa na damu. Lakini NIH inalipa pia utafiti juu ya akili na mwenendo wa watu, na hapo mufano wa karibu na Likasi unatoka Kahemba, mu Kwango, hata kama si karibu kwa barabara. Kule kuna konzo. Jina ni la Kiyaka, maana yake miguu yenye kufungwa. Mutoto analala muzima, anaamuka miguu imekauka, na haitapona tena. Inatoka mu muhogo mukali wenye haukulowekwa siku za kutosha, juu ya njaa ao juu ya haraka ya kuuza. Désiré Tshala-Katumbay, munganga Mukongomani wa mishipa ya fahamu mwenye kufundisha mu Oregon, alipata franga za NIH kuchunguza ule ugonjwa pamoja na INRB na watafiti wengine wa Marekani. Mu 2013 walitangaza jambo lenye halikuonekana kwa macho: watoto wa Kahemba wenye walikuwa wanatembea vizuri kabisa, lakini wanakula unga ule ule, nao walikuwa wanapata shida kidogo mu kukumbuka na kujifunza wakilinganishwa na watoto wa kijiji chenye hakina konzo.

Dawa ya konzo haiko, lakini njia ya kuizuia iko, na ni ya bei ya bure: kulowanisha unga, kuutandaza muembamba juu ya kitunga, kuuacha masaa 2 mu jua ao masaa 5 mu kivuli, sumu inatoka mu hewa. Wamama walifundishwa. Na hapa njo utafiti wa mwenendo unaingia: mama ataendelea kufanya vile mwezi wa sita, wakati mutafiti amerudi kwake na mutoto analia njaa? Ni nani anamusaidia kuendelea, jirani, bamukwe, ao radio? Hiyo si maswali ya laboratware. Kwa Likasi ni vile vile. Mutu anaweza kupima kobalti mu lenga-lenga mpaka kesho, lakini kujua kama famiya itakubali kubadilisha fasi ya kulima, ao ginsi ya kufagia, ao baba mwenye kutoka mu kazi kuvua nguo mbele ya kubeba mutoto, ni utafiti wa pekee, wenye kustahili franga zake.

Mbona mulango ni mufinyu kwa Likasi

Kwa karatasi, makao ya utafiti ya Congo yanaweza kuomba. Lakini hesabu ya kweli ni ingine. Inaomba makao yajiandikishe kule Marekani, na kwa wale wa inje kuna namba ingine ya kutafuta kwanza. NIH yenyewe inashauri kuanza juma 6 mbele ao zaidi, na kila mwaka kurudilia. Inaomba hesabu za franga zenye zinaweza kuchunguzwa na mukaguzi. Inaomba mutu mwenye kuandika Kingereza cha kitaalamu bila kutetemeka. Inaomba pia frigo ya baridi kali yenye haizimike, na wenye kukaa Likasi wanajua kura ya moto wa SNEL. Zaidi ya yote, dosie yenye kupata alama nzuri inaonyesha matokeo ya mwanzo: tulishapima watu 50, tazama. Ni kusema ili upate franga, inafaa ulikuwa umeshapata franga. Muviringo ule njo unaacha miji kama Likasi inje, si kukosa akili.

Mufano mumoja: NIH, kupitia kituo chake cha Fogarty, ililipa mukusanyiko wa utafiti wa afya na mazingira mu Afrika ya Mashariki, wenye makao Addis Ababa. Ndani yake muko Ethiopia, Kenya, Uganda na Rwanda. Congo, inchi yenye kutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, haimo.

Kwa miaka mingi njia nyepesi kwa Waafrika ilikuwa kupita nyuma ya iniversite ya Marekani: wao wanapata franga, halafu wanakatia rafiki zao wa Afrika sehemu. Tarehe 1 Mei 2025 NIH ilifunga ile njia, ikisema inataka kujua wazi franga zinaishia wapi. Nafasi yake inachukuliwa na muundo mupya: proje kubwa inabaki moja, lakini makao ya inje yanapokea sehemu yao moja kwa moja kutoka NIH na kujibu yenyewe. Wengine walilia, na walikuwa na haki, juu kazi nyingi zilibaki katikati. Hata hivyo iko na upande mwingine wenye haufai kudharauliwa. Makao yenye yalikuwa yanangojea kukatiwa na mukubwa yanalazimishwa sasa kuwa na namba yao, kompte yao, mukaguzi wao. Mwenye kufaulu hapo hatarudi tena kuwa "rafiki wa kukatiwa". Mwenye hana vile vitu amefungiwa mulango kabisa.

Kwa Katanga, serikali yenye imelipa zaidi maulizo ya vumbi na madini haikuwa Marekani, ilikuwa Ubelgiji. VLIR-UOS, shirika la iniversite za Flandres lenye kupokea franga za serikali ya Ubelgiji, ni kati ya wenye walilipa ule utafiti wa watoto wa Lubumbashi. Iniversite za Wabelgiji wenye kusema Kifaransa nazo ziko na yao, ARES, na huko dosie inaandikwa mu Kifaransa. Lakini hizo ni franga ndogo kuliko za NIH, na zinaomba rafiki Mubelgiji. Ulizo linapita kwanza Leuven ao Liège mbele ya kurudi Shituru.

Halafu kuna franga zenye ziko hapa hapa. Kobalti iliwekwa mu 2018 kati ya madini ya lazima kubwa, na sosiete inalipa 10% ya redevance. Kodi mupya ya migodi, sheria ya 9 Machi 2018, inagawa ile redevance: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa provense, 15% kwa muji ao komine ao sheferi ya pale, na 10% kwa mufuko wa vizazi vya kesho. Zaidi ya ile, sosiete inapaswa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake juu ya maendeleo ya wakaaji wa karibu. Mara nyingi watu wanaomba shule, kisima, santre de sante, na ni haki yao. Lakini santre de sante yenye haijui wagonjwa wake wanakula madini ngapi inatibu kwa kufunga macho. Kupima watoto mia mbili kila mwaka ni kazi ndogo kuliko kujenga, na matokeo yale njo yangekuwa ile "tulishapima, tazama" yenye dosie ya NIH ao ya Bruxelles inaomba.

Wakibisha ku mulango

Watafiti watakuja bado, na karatasi yao. Mbele ya kutoa mukojo ao damu ya mutoto, muzazi ana haki ya kuuliza. Komite ya maadili, kama ile ya Université de Lubumbashi, imekubali kazi hii? Nani analipa? Mukojo unaenda kupimwa wapi, na utahifadhiwa miaka ngapi? Matokeo ya mutoto wangu nitayapata, na nani atanifasiria, mu Kiswahili? Na akionekana ana madini mingi, nani atamutunza? Mutafiti wa kweli hakasiriki kwa maulizo hayo. Alishayajibu mu dosie yake, juu bila yale hangepewa franga. Muzazi anaweza kukataa, anaweza kukubali leo na kuacha kesho, na matunzo yake ku lopitali hayabadiliki juu ya hayo.

Kopi moja ya ile karatasi inabaki mu nyumba. Muiweke pamoja na karte ya chanjo ya mutoto.